Grace Marks na faili lisilofungwa: pale riwaya inaporudisha mauaji ya zamani mahakamani

Katika mji wa Toronto, nchini Kanada, mahakama ilitumia siku mbili tu, mwanzoni mwa mwezi wa 11 mwaka 1843, kuwahukumu kifo watumishi wawili waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba moja. James McDermott, kijana wa miaka 20 hivi, alinyongwa mbele ya umati wa watu tarehe 21 ya mwezi huohuo. Mwenzake, Grace Marks, msichana wa miaka 16, aliponea chupuchupu: juri liliomba ahurumiwe, na hukumu yake ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa kifungoni karibu miaka 30. Alipotoka, hakuna mtu aliyejua kwa hakika kama aliua, alisaidia kuua, au alisimama tu pembeni akitetemeka kwa woga.

Miaka 153 baada ya kesi hiyo, mwandishi wa Kanada Margaret Atwood alichukua faili lile lile na kulitungia riwaya. Kitabu hicho, Alias Grace, kilitoka mwaka 1996 na kupata tuzo ya Giller, moja ya tuzo kubwa za fasihi nchini mwake. Wasomaji wa Kifaransa wanakijua kwa jina la Captive. Mwaka 2017 kikageuzwa kuwa filamu ya televisheni ya vipande sita, na hapo ndipo watu wengi duniani waliposikia kwa mara ya kwanza jina la mtumishi huyo.

Riwaya za aina hii, zinazotokana na mauaji ya kweli ya zamani, zina wasomaji wengi leo katika nchi nyingi. Si hadithi za polisi za kawaida, ambamo mwishoni muuaji anakamatwa na kila mtu anarudi nyumbani ametulia. Hapa msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza nani alikufa, na mara nyingi anajua hata nani alihukumiwa. Asichokijua ni kama hukumu ile ilikuwa ya haki.

Yaliyotokea Richmond Hill

Habari zenyewe ni fupi. Grace Marks alizaliwa kaskazini mwa Irlandi. Alifika Kanada pamoja na familia yake mwaka 1840, miongoni mwa maelfu ya Wairlandi waliokimbia umaskini. Kama wasichana wengi wa hali yake, aliingia kazi za nyumbani akiwa bado mtoto: kufua, kupiga deki, kukamua ng'ombe, kubeba maji.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba mwaka 1843 alipata kazi kwa Thomas Kinnear, bwana mmoja kutoka Scotland aliyekuwa na shamba huko Richmond Hill, kaskazini mwa Toronto. Aliyemwajiri hakuwa Kinnear mwenyewe. Alikuwa Nancy Montgomery, msimamizi wa nyumba, ambaye pia alikuwa akiishi na tajiri wake kama mke bila ndoa. Hali hiyo iliwachanganya wote. Nancy alikuwa mtumishi, lakini aliamuru kama mama mwenye nyumba. McDermott, aliyekuwa akishughulika na farasi, hakuvumilia kuamriwa naye, na Nancy alikuwa amekwisha kumwambia kwamba atafukuzwa.

Kabla mwezi huo haujaisha, Kinnear alienda mjini. Alipokuwa safarini, Nancy alipigwa kwa shoka na kunyongwa kwa kitambaa, na mwili wake ukafichwa ndani ya pishi, chini ya beseni kubwa la kufulia. Kinnear aliporudi, alipigwa risasi. McDermott na Grace walichukua vitu vya thamani, wakapanda gari la farasi hadi Toronto, wakavuka ziwa kwa meli mpaka Lewiston, upande wa Marekani, na wakakamatwa huko hotelini. Grace alikuwa amevaa nguo za Nancy. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba Nancy alikuwa na mimba.

Hayo ndiyo mambo ambayo karibu wote wanakubaliana. Kuanzia hapo, kila mtu ana hadithi yake.

Grace alitoa maelezo matatu tofauti kuhusu siku zile. McDermott alitoa mawili, na kabla ya kunyongwa alidai kwamba Grace alimsaidia kumnyonga Nancy. Grace alisema alilazimishwa na kutishiwa kuuawa. Magazeti nayo yakagawanyika, tena kwa sababu za siasa zaidi kuliko za sheria. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu uasi wa mwaka 1837 dhidi ya watawala wa jimbo lile. Magazeti ya wahafidhina yaliona katika kesi hii watumishi waliothubutu kuinua mkono dhidi ya tajiri wao, na yakamchora Grace kama nyoka. Magazeti ya wapenda mageuzi yaliona msichana maskini aliyeingizwa mtegoni na mwanaume mkali. Na kwa kuwa wote wawili walikuwa Wairlandi, kuna waliokuwa wamekwisha kukata hukumu kabla ya kusikia shahidi hata mmoja.

Mkaaji wa Goma, Bukavu au Uvira hana haja ya kufafanuliwa jambo hili. Mtu akiuawa usiku katika mtaa, asubuhi radio trottoir ina habari tatu: ya mali, ya mapenzi na ya siasa. Jioni kila moja ina mashahidi wake. Baada ya mwaka mmoja, ile iliyosimuliwa kwa ufundi zaidi ndiyo inabaki, hata kama ndiyo ya uongo kuliko zote.

Mwandishi aliyedanganywa na mwandishi

Ndivyo ilivyokuwa kwa Grace. Mwaka 1853, Susanna Moodie, mwandishi Mwingereza aliyehamia Kanada, alichapisha kitabu ambamo alieleza kwamba alimwona Grace kwa macho yake, kwanza katika gereza la Kingston, kiisha katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Toronto, alikopelekwa kwa muda kuanzia mwaka 1852. Kuonana naye, alionana naye kweli. Lakini habari ya mauaji aliiandika kwa kumbukumbu, baada ya kuisikia kwa watu waliosikia kwa watu. Akaongeza chumvi. Kwa mfano, aliandika kwamba mwili wa Nancy ulikatwa vipande vinne, jambo ambalo halikutokea.

Atwood mwenyewe aliingia katika mtego huo. Alipoandika filamu ya televisheni juu ya kesi hiyo mwaka 1974, alimfuata Moodie na kumwamini. Ni baadaye tu, alipoanza kusoma magazeti ya mwaka 1843 na karatasi za gereza, ndipo alipogundua kwamba mama yule aliyemtegemea alikuwa ametunga sehemu kubwa. Riwaya ya 1996 ni, kwa namna fulani, masahihisho ya kosa lake mwenyewe. Si waandishi wengi wanaorudia kazi baada ya miaka 22 ili kusema: nilikosea.

Safari hii alijiwekea sharti. Jambo lililothibitishwa na maandishi, hana ruhusa ya kuligeuza. Pale ambapo maandishi yananyamaza, au yanapingana, yuko huru kutunga. Ugumu ni kwamba katika kesi hii maandishi yanapingana karibu kila mahali.

Mfano mmoja unaonyesha namna sharti hilo linavyofanya kazi. Katika karatasi za wakati ule, Grace anatajwa kwa jina jingine la bandia: Mary Whitney. Hakuna maelezo zaidi. Jina limetupwa pale kama kifungo kilichodondoka kwenye shati. Kutokana na jina hilo moja, Atwood aliumba msichana mzima, mtumishi mcheshi aliyekuwa rafiki wa Grace katika nyumba ya matajiri wa Toronto, na ambaye alikufa baada ya kutolewa mimba kwa siri. Hakuna ushahidi kwamba msichana kama huyo aliishi. Lakini vifo vya namna ile vilikuwa vya kawaida kwa watumishi wa wakati ule, na mara nyingi kijana wa nyumba ndiye aliyesababisha mimba. Mahakama haikuuliza Grace alikuwa ameona nini kabla ya kufika Richmond Hill. Riwaya inauliza.

Vilevile daktari Simon Jordan, kijana Mmarekani anayekuja Kingston mwaka 1859 kumchunguza mfungwa na kutafuta kilichofichwa akilini mwake, ni wa kubuni. Anakaa naye chumba kimoja siku baada ya siku, Grace akishona, yeye akiandika. Anataka ukweli, anapewa hadithi. Grace anaeleza vizuri mno, kwa utaratibu mno, na daktari anapogundua kwamba huenda anaambiwa kile anachopenda kusikia, tayari amekwisha kuvutwa. Sehemu hizi ndizo bora za kitabu. Msomaji anayetafuta jibu la ndiyo au hapana ataufunga ukurasa wa mwisho kwa hasira, na pengine hiyo ndiyo heshima ambayo Atwood aliona anaiwia kesi hiyo: kutoitolea hukumu ya tatu mtu aliyekwisha kuhukumiwa na mahakama, kiisha na magazeti.

Na Nancy je?

Kuna jambo moja ambalo watu husoma haraka haraka na kulipita. Kesi ya mwezi wa 11 mwaka 1843 ilikuwa ya mauaji ya Thomas Kinnear peke yake. Kwa kuwa washitakiwa wote wawili walihukumiwa kifo kwa kumuua tajiri, mahakama iliona hakuna haja ya kuendelea na mauaji ya Nancy Montgomery. Mwanamke aliyepigwa shoka akiwa na mimba hakupata kesi yake. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kumuua.

Riwaya haikumfaa sana Nancy pia. Tunamwona kupitia macho ya Grace, na Grace anamwona kama mtu wa wivu, leo kicheko, kesho matusi. Inawezekana alikuwa hivyo. Inawezekana pia kwamba mwanamke asiye na ndoa, mwenye mimba ya tajiri wake, katika nchi ambako majirani wake hawamsalimu, alikuwa na sababu za kuwa na hasira. Wanaozisifu riwaya hizi husema zinawapa sauti wale walionyamazishwa. Ni kweli, lakini kwa kawaida sauti hiyo anapewa mshitakiwa, kwa sababu ndiye anayevutia. Aliyeuawa anabaki chini ya beseni.

Wale ambao Congo inawajua tayari

Wanafunzi wa sekondari nchini RDC wamekwisha kukutana na vitabu vya ukoo huu, hata kama mwalimu hakuwaambia. Le Rouge et le Noir ya Stendhal, iliyotoka mwaka 1830, ilitokana na kesi ya kweli. Antoine Berthet, mtoto wa fundi wa kwato za farasi kutoka kijiji cha Brangues, kusini-mashariki mwa Ufaransa, alikuwa amesoma seminari na kufundisha watoto katika nyumba ya watu wenye uwezo. Tarehe 22 mwezi wa saba mwaka 1827 aliingia kanisani wakati wa misa na kumpiga risasi mama wa nyumba ile. Mama huyo hakufa. Berthet alihukumiwa Grenoble na kukatwa kichwa mwezi wa pili mwaka 1828. Stendhal, mzaliwa wa Grenoble, hakuwa na haja ya kubuni mifupa ya hadithi yake; aliweka nyama, na Berthet akawa Julien Sorel. Tofauti yake na Atwood ni kwamba alibadili majina na kuandika damu ikiwa bado mbichi.

Karibu zaidi na Grace ni Agnes Magnúsdóttir wa Islandi, mtumishi mwingine. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 mwezi wa tatu mwaka 1828, wanaume wawili waliuawa huko Illugastaðir, na nyumba ikachomwa moto. Mmoja wao, Natan Ketilsson, alikuwa mganga wa majani aliyejulikana sana. Agnes alihukumiwa pamoja na kijana Friðrik Sigurðsson na msichana wa miaka 16, Sigríður Guðmundsdóttir. Msichana alipunguziwa adhabu na kupelekwa kufungwa Denmark, nchi iliyokuwa ikitawala Islandi. Agnes na Friðrik walikatwa vichwa kwa shoka tarehe 12 mwezi wa kwanza mwaka 1830. Aliyeshika shoka hilo alikuwa Guðmundur Ketilsson, ndugu yake Natan aliyeuawa. Tangu siku ile hakuna mtu mwingine aliyenyongwa au kukatwa kichwa kwa amri ya mahakama katika nchi hiyo.

Kwa kuwa hapakuwa na gereza la kufaa, Agnes aliwekwa katika nyumba ya familia ya wakulima akisubiri kifo. Alikula nao na kufanya kazi nao. Hannah Kent, Mwaustralia aliyefika Islandi kama mwanafunzi akiwa na miaka 17, aliijenga riwaya yake Burial Rites juu ya miezi hiyo. Ilitoka mwaka 2013. Kwa Kifaransa inaitwa À la grâce des hommes. Kent alitafuta katika vitabu vya parokia na barua za maofisa, na baadhi ya maandishi hayo ameyaweka yalivyo ndani ya kitabu, ili msomaji mwenyewe aone lugha kavu ya serikali ikipakana na sauti aliyomtungia Agnes. Mwaka 2017, Islandi ilifanya kesi ya mfano kwa kufuata sheria za leo. Agnes alipewa miaka 14 ya kifungo. Riwaya peke yake haikuleta hilo, lakini ilikuwa imewakumbusha wengi kwamba swali bado lipo.

Pale mwandishi anapotangulia faili

Kwa msomaji wa Congo, mfano unaouma kuliko yote uko nyumbani. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961. Miili yao ilikatwa na kuyeyushwa kwa asidi ili isibaki alama. Mwaka 1966, miaka mitano tu baadaye, Aimé Césaire wa Martinique alichapisha tamthilia Une saison au Congo. Faili za serikali ya Ubelgiji zilikuwa bado zimefungwa. Mobutu alikuwa madarakani. Katika tamthilia anaitwa Mokutu, herufi chache tu zikibadilishwa, na hakuna mtazamaji aliyehitaji kuelezwa ni nani.

Césaire hakuwa na ushahidi ambao Atwood alikuwa nao. Alikuwa na habari za magazeti, hotuba, na hasira. Watafiti walikuja nyuma yake kwa mbali: kitabu cha Mbelgiji Ludo De Witte juu ya mauaji hayo kilitoka mwaka 1999, bunge la Ubelgiji likaunda tume ya uchunguzi, na mwaka 2001 tume hiyo ikasema kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji wa wakati ule na watu wengine wa nchi hiyo walikuwa na dhima ya kimaadili. Jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa kwa familia mwezi wa sita mwaka 2022. Kwa miaka mingi kati ya tarehe hizo, aliyetaka kuiona kesi hiyo ikisikilizwa mahali fulani alilazimika kwenda kwenye ukumbi wa michezo.

Hapo pia kuna hatari yake. Tamthilia ya Césaire ni nzuri kiasi kwamba wengine huichukua kama historia. Maneno ambayo mtunzi alimwekea Lumumba mdomoni yanaweza kurudiwa kana kwamba aliyasema mwenyewe. Ni kosa lile lile la Atwood na Moodie, ila Atwood alikuwa na kumbukumbu za mahakama za kumrudisha njiani.

Watunzi wa riwaya za mauaji hawakosi miongoni mwa Wakongomani. Achille Ngoye alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuchapishwa katika Série Noire, mkusanyo maarufu wa riwaya za polisi wa Gallimard, mwaka 1996, mwaka ule ule wa Alias Grace. Lakini hadithi zake ni za wakati wake, za Paris na wahamiaji. Kesi za zamani za mashariki mwa Congo, zile ambazo wazee bado wanazisimulia jioni kwa kutaja mto, mwaka na jina la komisa, bado zinangoja mtu wa kuzifuata katika karatasi, pale ambapo karatasi hazijaliwa na mchwa au kuchomwa na vita.

Grace Marks alisamehewa mwaka 1872. Alivushwa mpaka jimbo la New York, akisindikizwa na mkuu wa gereza pamoja na binti yake, hadi kwenye nyumba aliyokuwa ametayarishiwa. Baada ya hapo anapotea katika maandishi. Atwood alimpa mume, bustani na blanketi la viraka analolishona kwa ajili yake mwenyewe. Thomas Kinnear na Nancy Montgomery walizikwa Richmond Hill, katika makaburi ya kanisa la Kipresbiteri.